Tabia Njema kwa Ajili ya Bunduki

Katika nyumba ile ya Aziziya, Jeddah, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na cheti cha tabia njema. Sikujua kwamba ni kitu cha kujivunia mpaka siku baba aliponifuata jikoni akaniomba nimwonyeshe.

Baba ni mwajiri wangu. Huko tunawaita hivyo, baba na madam, hata kama hamjapishana sana umri. Baba wangu huyu alikuwa mstaafu wa bandarini, mtu mpana, mwenye ndevu za hina na tumbo lililotangulia kufika kila alikokwenda. Tangu astaafu, kazi yake ilikuwa kulisha paka wa mtaa na kugombana na jirani juu ya kivuli. Kivuli nitakifikia. Lugha yetu ilikuwa Kiarabu cha jikoni, kile cha yalla na halas na mafi mushkila, yaani haya, basi, hakuna shida, ambacho kwangu kilikuwa kimeshakomaa kiasi cha kuweza kubishana nacho. Nayaandika maneno yao kwa Kiswahili jinsi yalivyoniingia.

"Madam ananiambia," baba alisema, "kwamba ninyi mkija huku, serikali yenu inawapa karatasi ya kuonyesha hamna makosa."

"Ndiyo, baba."

"Unayo?"

Nilikwenda chumbani nikaitoa kwenye begi. Niliipata Nairobi, baada ya kupanga foleni na kupakwa wino vidole vyote kama mwizi, ili nipewe karatasi ya kusema mimi si mwizi. Baba alivaa miwani, akaigeuza mbele na nyuma.

"Ulifanya nini ndiyo wakakupa hii?"

"Sikufanya kitu, baba. Hicho ndicho kilichoandikwa hapo. Kwamba sijafanya kitu."

Alinirudishia kwa mikono miwili, kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa wenyewe. Akashusha pumzi.

"Mimi nilifanya," akasema.

Alichofanya nilikuwa nakijua. Kila aliyeingia nyumba ile alikijua. Miaka kadhaa kabla sijaenda kwao, mpwa wake alioa kule Riyadh. Sherehe ilifanyiwa nje ya mji, kwenye istiraha, yaani uwanja wa kukodi uliozungushiwa ukuta, wenye kumbi mbili: wanaume huku, wanawake kule. Wakati huo baba alikuwa na bunduki ya kuwindia, ya marisau, yenye leseni halali. Sheria ya nchi inakataza kabisa kufyatua risasi harusini, na kaka yake mkubwa alikuwa amemwonya mara mbili kabla ya chakula. Lakini baba alimpenda sana yule kijana, tena alikuwa ameshiba. Akapanda juu ya kiti cha plastiki, akaelekeza mtutu mbinguni. Kiti kikazama mguu mmoja mchangani. Mtutu ukashuka kutoka mbinguni mpaka kwenye sanduku la umeme, na hapo ndipo bunduki ilipolia.

Upande wa wanawake, bibi harusi alikuwa ndiyo kwanza anakanyaga jukwaa. Giza likaingia ukumbi mzima.

"Nilisikia mlio, taa zikazimika," madam aliniambia alipokuwa akinisimulia mara ya kwanza. "Nikajua ni mume wangu. Wenzangu wote walikuwa wanauliza kuna nini. Mimi sikuuliza."

Hakuna aliyeumia, isipokuwa keki, ambayo nyanyake bibi harusi aliikalia akidhani ni kiti chake. Lakini wageni walikuwa na simu, na kabla chakula hakijapoa video ya baba akiyumba juu ya kiti ilikuwa imefika mahali pote inapoweza kufika video. Polisi walikuja. Baba alishtakiwa, akahukumiwa, akafungwa kwa muda, akatoka. Bunduki ilichukuliwa na leseni ikafutwa. Watoto wa ukoo wakampa jina: Abu Dhalam, Baba wa Giza. Alikuwa akiitikia, lakini kwa uso wa mtu aliyekanyaga msumari.

Kilichomuuma zaidi ni majira ya baridi. Kila mwaka baba na kaka zake walipiga hema jangwani nje ya Riyadh kwenda kuwinda. Baada ya kesi aliendelea kwenda, ila wenzake wakitoka na bunduki asubuhi, yeye alibaki kwenye mkeka akichunga birika, pamoja na mpishi wao Msudani.

"Hata mpishi ananihurumia," aliniambia. "Ananipa nyama ya kwanza, kama mgonjwa."

Sasa wakili mmoja alikuwa amemwambia kuna njia. Muda wa kutosha ukishapita, na mtu akiwa ameishi vizuri, mahakama inaweza kumfutia doa lile na kumrudishia hadhi yake, na baada ya hapo anaweza kuomba leseni upya kama mtu mwingine yeyote. Jambo hilo wenyewe wanaliita kurudishiwa itibari. Nililisikia neno, nikajua nimelisikia mahali.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa na ruhusa. Nilikwenda mtaa wa Ghulail kwa rafiki yangu Mzanzibari, mama mmoja anayesuka nywele chumbani kwake juu ya duka la viungo, nikamuuliza akiwa na kichwa changu mkononi.

"Itibari!" akasema. "Hilo neno letu, mwanangu. Mtu asiye na itibari haaminiwi hata kuachiwa mlango wazi. Kwani huyo bosi wako ataka arejeshewe heshima yake?"

"Anataka arudishiwe bunduki."

Mikono ikasimama kichwani pangu. "Basi na aseme ataka bunduki! Ati itibari! Na wewe unalala nyumba hiyo hiyo?"

Nilimwambia hana neno, ni mtu mpole. Lakini nikiri kwamba hata mimi moyo haukutulia. Kwetu Taita, mtu akiwa na bunduki, ama ni askari ama anatafutwa na askari. Bunduki ya mtu wa kawaida, ya kuweka kabatini kama blanketi la wageni, ni kitu nilichokuwa sijakizoea.

Wakili alimpa baba onyo moja ambalo liligeuza nyumba yetu juu chini. Alimwambia kwamba maombi yakishaingia, wanaweza kuuliza habari zake kwa watu wanaoishi naye karibu. Kwa hiyo awe mtu mzuri.

Baba alikuwa mtu mzuri tayari, ila alikuwa mzuri kwa sauti kubwa. Alikuwa akimfokea refa wa televisheni mpaka vikombe vinatikisika. Alikuwa akimfokea dereva wa gari la taka, muuza maji, na mtangazaji wa hali ya hewa. Kuanzia siku ile akaacha. Refa alikataa bao lililo wazi kabisa, na baba, akiwa mwekundu kama nyanya, akasema kwa upole, "Naye ni binadamu." Madam alitoka chumbani kuja kuangalia kama amepata kiharusi.

Lakini hasira ya mtu haiyeyuki kwa sababu wakili amesema. Ilibidi iende mahali. Siku moja niliingia stoo nikamkuta baba ameinamia friza kubwa la nyama, mfuniko umeegemea mgongoni pake, kichwa chake kimo ndani kabisa, anatukana. Matusi yalitoka na moshi wa barafu. Alipomaliza akainuka, ndevu zimeganda nyeupe, akaniona.

"Usimwambie madam."

"Simwambii, baba."

"Huku hakusikiki nje?"

"Unasikika kidogo. Ukisogea upande wa kuku ni afadhali."

Ikawa desturi. Kila siku alikwenda stoo mara kadhaa. Madam akaanza kulalamika kwamba friza haligandishi sawasawa, akaita fundi, na fundi akabadilisha mpira wa mfuniko uliokuwa hauna tatizo lolote.

Aliyempeleka baba kwenye friza mara nyingi zaidi ni jirani. Hapa ndipo penye kivuli. Mbele ya nyumba zetu mbili kulikuwa na mwarobaini mmoja tu mkubwa, na kwa jua la Jeddah, gari lililopaki chini yake ni gari, na lililopaki nje yake ni tanuri. Jirani alikuwa mwalimu mstaafu, mwembamba, wa maneno machache makali. Kwa miaka mingi yeye na baba walikuwa wakipigania kivuli kile, kila mmoja akidai babu yake mtunza bustani ndiye aliyemwagilia mti. Walikuwa wakipigiana kelele kwa raha zao, halafu wanaenda msikitini bega kwa bega.

Sijui nani alimpasha kwamba baba yuko kwenye mtihani wa tabia. Ninachojua ni kwamba siku moja alipaki chini ya mwarobaini tangu alfajiri, akashuka, akasimama anamngoja baba atoke. Baba akatoka. Akaliona gari. Kifua kikapanda. Nikiwa dirishani nikashika pazia.

"Asubuhi njema, jirani," baba akasema.

Mwalimu akamtazama kwa makini, kama anayesahihisha daftari. Kesho yake akapaki kivulini gari lake na la mkwewe. Siku iliyofuata akapaki gari mkabala na geti letu, baba akashindwa kutoa lake, akaita teksi. Halafu mwalimu akapogoa mitende yake na kuyalaza makuti kwenye kibaraza chetu. Baba akayakusanya mwenyewe, akayafunga vizuri kwa kamba.

"Jirani, makuti yako yalianguka kwangu," akamwambia.

"Hayakuanguka," mwalimu akajibu. "Niliyaweka."

"Basi Mungu akulipe kwa kivuli chake," baba akasema, akaingia ndani, akapita sebuleni bila kututazama, moja kwa moja mpaka stoo. Siku hiyo alikaa frizani muda mrefu mpaka nikaenda kumgonga bega, nikihofia masikio yake.

Katikati ya mambo hayo akaja mgeni. Kijana nadhifu, ana kitambulisho kifuani na ubao wa kuandikia mkononi. Nilimfungulia geti, akasema kwa sauti ya kiserikali, "Nimekuja kukagua."

Baba alikuwa nyuma yangu. Niliona rangi ikimtoka usoni.

"Karibu, mwanangu, karibu," akasema. "Kagua. Nyumba hii haina cha kuficha." Kisha akanigeukia na kuninong'oneza, "Mchele. Kondoo. Wote uliomo."

Nikawasha moto. Kijana akakalishwa sebuleni, akaletewa kahawa, tende, tambi za sukari, juisi, na tena kahawa. Kila alipojaribu kusimama, baba alimshika goti akamkalisha. Nilipopeleka sinia nikamkuta baba ameshaanza kumsimulia harusi yote, kuanzia kaka yake alivyomwonya mpaka bibi kizee alivyoikalia keki. Hakujipendelea. Alifika mpaka gerezani, akasema alichojifunza mle ndani, akasema anavyosikitika, na machozi yakamlengalenga. Kijana naye aliacha kula. Alikuwa na roho nyepesi.

"Mzee wangu," akasema baba alipomaliza, "pole sana kwa yaliyokupata. Wallahi umenigusa. Lakini mimi nimetoka manispaa. Nimekuja kuangalia mbu."

Madam, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya mlango, aliziba mdomo kwa mtandio na kukimbilia jikoni, akajiegemeza kwenye jokofu akicheka bila sauti.

Kijana, kwa kuwa ameshakula na hawezi kuondoka bila kufanya kazi, akazunguka ua. Kwenye vibakuli vya maji ya paka akakuta viluwiluwi vya mbu, vingi, vinachezacheza. Akavimwaga, akampa baba onyo la mdomo. Baba aliishika kauli ile kama hukumu. Kwa wiki nzima alikuwa akiniuliza: onyo la mdomo linaandikwa mahali? Linahesabiwa kama kosa? Paka wakaanza kubadilishiwa maji kila saa, mpaka nao wakachoka kuyanywa.

Madam alikuwa na mashaka yake mwenyewe, na hakuyaficha. Siku moja tukichambua mboga aliniuliza, "Wakija kweli kukuuliza wewe, utasemaje?"

"Nitasema ni mtu mwema, madam."

"Ni mwema. Na kuhusu bunduki?"

Nikainamia mboga. Nilijua nimekaa katikati ya mume na mke, na hapo si mahali pa mtu mwenye akili kukaa.

"Mimi nataka doa limtoke," madam akasema. "Wasimwite tena lile jina. Hilo namsaidia kulitafuta kwa nguvu zangu zote. Lakini yeye anadhani heshima na bunduki ni kitu kimoja. Mimi naona ni vitu viwili."

Siku ya kuitwa mahakamani ikafika. Kwa kuwa kesi ilihukumiwa Riyadh, baba aliambiwa afike huko, akaamua twende wote kwa gari na kufikia kwa kaka yake. Mimi nilichukuliwa kwa sababu goti la madam lilikuwa likimsumbua. Safari hiyo sitaisahau. Baba, kwa kuogopa kamera za barabarani, aliendesha taratibu kiasi kwamba tulipitwa na kila chombo chenye magurudumu. Tulipitwa na malori ya saruji. Tulipitwa na lori la ngamia, na ngamia wakageuza shingo kututazama mpaka walipotokomea mbele yetu.

"Tutafika hukumu imeshaisha," madam akasema.

"Tutafika bila faini," baba akajibu.

Asubuhi ya mahakama alivaa kanzu nyeupe niliyoipiga pasi mara mbili, akaondoka na wakili. Madam na mimi tulibaki kwa shemeji yake. Hakula. Alishika tasbihi huku anaangalia mlango, na kila gari likipita nje alisema, "Si yeye." Nami kimoyomoyo niliomba kwa namna yangu, maana kwa wakati ule nilikuwa nimeshasahau kama ninaomba kwa ajili ya bunduki. Nilimwombea tu yule mzee.

Alirudi mchana. Alisimama mlangoni, mikono imening'inia.

"Nimerudishiwa," akasema.

Madam akasimama ghafla, akasahau goti. Hakumkumbatia mbele yetu, lakini alimshika kilemba, akakinyoosha ingawa kilikuwa kimenyooka tayari, na mkono ukabaki pale muda.

Baba akakaa, akatusimulia. Walikuwa wameuliza kweli habari zake, kwa simu, na waliyempigia ni mwalimu. Wakili ndiye aliyemsomea maneno ya jirani yule. Mwalimu alikuwa amesema hivi: kwamba anamfahamu mtu huyu miaka mingi, kwamba zamani alikuwa mtu wa kelele, na kwamba aliposikia anaomba kurudishiwa itibari hakutaka kutoa ushahidi kwa kubahatisha, kwa hiyo akampima. Alimnyang'anya kivuli. Alimzibia geti. Alimwekea makuti mlangoni. Na mtu huyu hakunyanyua sauti hata mara moja, ila alimwombea dua.

"Makusudi!" baba akasema, akiinuka tena. "Yule mwembamba alikuwa ananifanyia makusudi!"

"Na ndiye aliyekuokoa," madam akamwambia.

"Najua! Ndiyo maana sijui nimfanye nini!"

Akaangalia huku na huku. Nikajua anatafuta friza. Kwa shemeji yake lilikuwa dogo, la juu ya jokofu, kichwa kisingeingia.

Tuliporudi Aziziya, gari la mwalimu lilikuwa chini ya mwarobaini. Baba alishuka hata kabla hajazima injini. Akavuta pumzi iliyokuwa imekaa ndani yake miezi mingi, akapiga ukelele ambao njiwa waliuelewa, wakaruka wote mtini. Mwalimu akatoka mbio, kanzu imepandishwa, akajibu kwa nguvu zilezile. Walipigiana kelele juu ya makuti, geti, mkwe, babu mtunza bustani, mpaka wakaishiwa pumzi, wakabaki wameshika magoti.

"Ulinitia wasiwasi," mwalimu akasema akihema. "Nilidhani unaumwa."

Baba akamkumbatia, kisha akamwambia aondoe gari. Hakuliondoa.

Tungeishia hapo, madam angefurahi. Lakini wiki ile ile baba akaanza kushughulikia leseni. Ndipo nyumba ikaingia baridi. Madam aliacha kusema naye moja kwa moja. Tukiwa sote watatu sebuleni, alinigeukia: "Mwambie baba chai yake inapoa." Baba naye akinigeukia: "Mwambie madam nimeshaiona." Nikawa kama simu ya upepo. Niliwapelekea ujumbe wa hatua mbili mpaka sauti ikanikauka, na siku nyingine nilichanganya, nikamwambia baba maneno ya baba.

Ilikwisha siku moja ya Alhamisi. Nilikuwa nikimkanda madam goti, baba akasimama mlangoni, akaniambia, "Mwambie madam kwamba daktari amenipitisha. Macho mazima, akili nzima."

Madam hakusubiri nimwambie.

"Watu wote wanadhani nililia kwa sababu ya harusi," alisema, akinitazama mimi lakini akisema naye. "Kwa sababu ya keki na aibu. Mimi sikulia bunduki ilipochukuliwa. Nililia yeye alipochukuliwa. Nililala peke yangu nyumba hii kubwa, nikisikia paka wake wanamlilia getini. Sasa anataka nimwombee akirudishe kile kitu kilichonichukulia yeye."

Baba alibaki mlangoni. Mwishowe akaja akakaa ukingoni mwa kiti, mbali kidogo na lile goti, akasema taratibu, bila kupitia kwangu:

"Mimi sitaki kupiga mtu wala taa. Nataka wakiondoka asubuhi, na mimi niondoke nao. Basi."

"Bila kubeba?"

"Ukienda nao mikono mitupu, wanakugeuza mtoto. Wanakwambia angalia moto usizimike."

Nilijifanya niko kwenye kukanda. Wakazungumza muda mrefu, na mwisho wakafika kwenye masharti, na masharti yalikuwa ya madam. Bunduki ikipatikana isikanyage Jeddah. Ikae Riyadh kwa kaka yake, katika kabati la chuma. Na ufunguo wa kabati ukae Jeddah, kwenye mkoba wake yeye.

"Kwa hiyo siwezi kuwinda bila wewe kuja," baba akasema, akipiga hesabu yake taratibu.

"Sasa umenielewa," madam akajibu. "Yalla, kunywa chai."

Leseni ilitoka. Baridi ilipoingia tulipanda tena barabara ya Riyadh, safari hii kwa mwendo wa watu, ufunguo ukiwa mkobani mwa madam kati ya kitana na dawa ya goti. Kambi ilikuwa mbali na mji, mahema mawili makubwa, letu na la wanaume, na upepo wa baridi wa kukata masikio. Sikuwa nimejua jangwa lina baridi. Nilivaa sweta mbili na soksi za baba. Mpishi Msudani alipomwona baba na bunduki begani alimpigia makofi.

Asubuhi kaka watatu wakatoka, na baba katikati yao, anatembea kwa kujivuta kama bwana harusi. Sisi tukabaki na wake zao, tukikata vitunguu. Muda ukapita, kisha ukasikika mlio mmoja, mbali. Wanawake wote kwa pamoja wakainua macho kuitazama balbu iliyoning'inia hemani. Ilikuwa inawaka. Mke wa kaka mkubwa akaanza kucheka, madam akafuata, na mwishowe tulikuwa tumeshikana mabega, machozi yanatutoka, na si ya vitunguu peke yake.

Walirudi jua limepanda. Baba alikuwa amejaa mchanga kutoka kisigino mpaka mgongoni.

"Umempata?" madam akamuuliza.

"Nani?"

"Ndege!"

"Nimemwona," baba akasema. "Naye ameniona. Nimefyatua, bunduki ikanisukuma, nikakaa chini. Aliporuka alipita juu yangu kabisa, bila haraka yoyote."

Kaka zake nao hawakuwa na kitu. Chakula cha mchana kilikuwa kuku tuliowanunua njiani, wamechomwa tayari, na kila mtu alikula kana kwamba amewakimbiza mwenyewe. Baba alisimulia mlio wake ule mmoja mara tatu, na kila mara ndege aliongezeka ukubwa. Hakuna aliyemwita Baba wa Giza. Kaka mkubwa alimwita kwa jina lake, akamwekea paja.

Madam alinyoosha mkono, baba akamrudishia bila kuambiwa ufunguo aliopewa kufungulia kabati kule Riyadh. Kisha akajilaza kwenye kivuli cha gari, akiwa na viatu, ili apumzike dakika mbili kabla ya mzunguko wa jioni. Kaka zake walimwita wakati wa kuondoka. Wakamwita tena. Mmoja akamtikisa mguu. Baba aligeuka ubavu, akavuta kilemba usoni, akaendelea kukoroma, na wao wakachukua bunduki zao, wakaenda.